Chupa Iliyoganda na Vifungo vya Mama

2 Machi

Kaka Dunia,

Barua hii isome peke yako, ukimaliza ichane. Sikupigii kwa sababu simu yangu inakaa juu ya meza ya kukatia nguo, na unamjua Mama: anaipokea kabla haijalia mara ya pili, halafu anauliza, "Ni nani na anataka nini?"

Nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Mdogo, kama harage. Niliugusa siku nilipojipima gauni la mteja mwenye mwili kama wangu. Daktari alichukua vipande kwa sindano, vyembamba kama nyuzi, vikapimwa, naye akasema ni saratani. Neno hilo nimeliandika mara moja, sitaliandika tena.

Sasa vipande vyenyewe vimefunikwa kwenye nta na kutumwa maabara kubwa. Nilichungulia anwani kwenye bahasha: ni jengo lako! Wanatafuta protini fulani. Ikiwepo, dawa yangu ni moja. Isipokuwepo, ni nyingine. Bila jibu hilo daktari hataanza, maana akinipa isiyo yangu nitateseka bure na harage litaendelea kukua. Ameniambia wiki mbili.

Mama hajui kitu. Kila nikienda hospitali namwambia nafuata vifungo. Wewe unayejua kila jambo, nieleze huko kwenu wanafanya nini hasa. Na mdomo wako ufunge.

Mdogo wako,
Sindano

*

6 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, mara ya tatu nikaisomea chooni nimejifungia kwa ndani, maana mwanaume aliyeona bandari kumi na moja halii mbele ya majokofu. Basi, nimeshalia. Tufanye kazi.

Kwanza shukuru una kaka wa namna yangu. Humu ndani madaktari wapo, maprofesa wapo, lakini hakuna chupa inayoingia bila kupita kwenye mikono ya Mtunza Stoo ya Baridi, ambaye ndiye mimi. Profesa akitaka chupa yake ananiomba. Tena ananiomba kwa adabu.

Nilikwenda kwa Bibi Darubini nikajifanya nataka elimu tu. Huyu ni mama mmoja mfupi, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na ndiye anayekifanya hicho kipimo chako. Alinieleza robo saa. Nilielewa yote, isipokuwa sehemu ambazo sikuelewa. Sikiliza.

Kila seli ya mwili ina milango kwenye ngozi yake. Hiyo protini ni kama mtu wa mlangoni: habari ikija kutoka nje anaipokea na kuipeleka ndani, "Kueni! Gawanyikeni!" Mtu mmoja mmoja mlangoni si neno. Lakini kuna uvimbe ambao seli zake zimejaza hao watu wa mlangoni mpaka kwenye madirisha, wote wanapiga kelele "kueni, kueni" usiku na mchana. Wanachotaka kujua ni kama uvimbe wako ni wa aina hiyo.

Utawaonaje, wakati ni wadogo kuliko udogo wenyewe? Hapo ndipo anapoingia panya. Usicheke. Panya alichomwa sindano yenye ile protini ya binadamu. Mwili wake ukasema, "Huyu mgeni simjui," ukatengeneza askari wa kumkamata. Askari hao ndio kingamwili. Wataalamu wakatafuta seli moja tu, inayotengeneza askari wa aina moja tu, wakaizalisha ikawa ukoo mzima. Wote pacha, wote wanajua sura moja tu duniani. Wamwage juu ya kipande chako kwenye kioo: protini ikiwepo wataishika na hawabanduki, isipokuwepo wataoshwa na maji waende zao. Kisha inatiwa rangi inayowafuata wale walioshika, na Bibi Darubini anaona kahawia.

Na habari njema nimeiweka mwisho kama wafanyavyo watu wazima. Chupa ya hao askari imeingia jana, nimeipokea kwa mkono huu. Ni ndogo kama kidole gumba. Nilipokuwa kwenye meli ya samaki, bwana barafu mkuu alinifundisha: samaki wa leo weka juu, samaki wa mkwe weka chini kabisa. Chupa yako, mdogo wangu, ni samaki wa mkwe. Nimeiweka kule ndani kwenye jokofu kuu, mahali ambapo mate yakidondoka yanagonga sakafu kama kokoto. Hakuna joto litakaloigusa.

Lala usingizi. Kaka yupo.

Wako,
Dunia, Waziri wa Baridi

*

12 Machi

Kaka,

Nilipofika kwenye panya niliiweka barua chini. Dawa ya panya naijua, iko nyuma ya kabati letu. Nikajiambia kaka yangu sasa amekwisha. Halafu nikaendelea, nikaelewa.

Unaikumbuka sumaku yangu, ile ya kwenye spika iliyokufa? Pini zikimwagika sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, nyuzi, vifungo na makombo ya Mama, naipitisha juu. Inaokota pini tu. Kifungo haikigusi, uzi haiugusi. Basi panya wako ni sumaku yangu. Ungesema hivyo ungeokoa karatasi nzima.

Mimi ni mzima. Nashona sare za shule, shati la tisini na nne leo. Jana Mama aliuliza kwa nini naubana mkono wangu wa kushoto, nikamwambia nimelala vibaya. Akanitazama, akarudi kwenye pindo lake.

Mchana sina shida. Shida ni nikisimamisha cherehani. Ikinyamaza nalisikia harage. Najua halina sauti. Nalisikia hivyo hivyo.

Wiki mbili zinaisha Jumatatu. Waambie askari wako wasichelewe.

Sindano

*

19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima, kazi inaendelea.

Jibu litachelewa kidogo. Kipimo kimefanyika lakini kitarudiwa. Mambo ya mashine na umeme, unajua tena vitu vya kitaalamu. Hakuna la kutia wasiwasi.

Hapa kuna baridi kama kawaida, ha ha.

Msalimie Mama. Mwambie nanenepa.

Kaka yako

*

22 Machi

Kaka,

Barua yako ina utani mmoja. Wewe ukiwa mzima unatia saba kwenye salamu tu. Tena umesaini "Kaka yako". Tangu unifundishe kusoma hujawahi kusaini bila cheo.

Kwa hiyo jibu limetoka, na ni baya, na Bibi wako wa miwani miwili amekuambia usiniambie. Au limetoka baya kiasi kwamba wanalirudia kwa huruma. Nimelala siku mbili na barua yako chini ya mto.

Nimeanza kurudisha kazi. Gauni la harusi nililolichukua mwezi uliopita nimempelekea fundi wa mtaa wa pili alimalizie, nikasema macho yananisumbua. Sare nitamaliza, kwa sababu shule haina kosa. Baada ya hapo sipokei kitambaa cha mtu. Sitaki kufa na nguo za watu nusu nusu.

Kama umewahi kunipenda, andika kweli. Usinifiche kwa sababu mimi ni mdogo. Mimi si mdogo tena, nina miaka arobaini na moja na nina kitu kifuani.

Sindano

*

24 Machi

Sindano, mdogo wangu,

Kabla ya neno lolote: JIBU LAKO HALIJATOKA. Sikiliza kwa masikio yote mawili. Si baya, si zuri, halipo. Lifuate hilo gauni la harusi leo hii, yule fundi wa mtaa wa pili hajui hata kupiga pasi.

Halijatoka kwa sababu yangu. Mimi. Siyo mashine wala umeme. Nitakueleza, na ukitaka kunitukana, nafasi nimekuachia pembeni mwa karatasi.

Kila wakifanya kipimo hiki wanaweka vioo viwili. Cha kwanza ni cha mgonjwa. Cha pili mimi nakiita shahidi: ni kipande cha mtu mwingine ambacho wanajua kabisa protini imo. Shahidi lazima ashike rangi. Asiposhika, kesi haisikilizwi, maana askari wenyewe wamelala. Siku ya kipimo niliitoa chupa yako alfajiri kule chini kabisa, nikaitia kwenye mfuko wa shati mpaka ikayeyuka, nikamkabidhi Bibi Darubini ikiwa nzuri, inang'aa. Saa tisa alitoka na vioo viwili mkononi. Chako cheupe. Cha shahidi cheupe kama meno.

Sasa hapa ndipo aibu ilipo. Boksi la chupa lina picha: kinyota cha ncha sita kimekatwa kwa mstari. Kuna na maneno chini yake ya lugha ya wenyewe. Mimi, mtu wa bandari kumi na moja, nilidhani kile kinyota ni chapa ya kampuni. Nikasema, wana chapa nzuri hawa. Kumbe si nyota. Ni chembe ya theluji. Na mstari maana yake: usigandishe. Ilitakiwa ikae kwenye friji ya kawaida, baridi ya maji ya kunywa tu. Samaki anaganda na kuyeyuka bado ni samaki. Hawa askari wakiganda wanavunjika mikono, hawashiki tena kitu. Nilijua hayo siku ile ile, Bibi Darubini alipoligeuza boksi mbele yangu akasoma kwa sauti, "Hii haijawahi kuganda, sivyo?"

Nikasema, "Haijawahi."

Ulimi wangu ulisema wenyewe. Nikamuona anavua miwani ya kwanza, anavaa ya pili, anaangalia mikono yake. Mikono yake, Sindano! Siku mbili baadaye Mkuu wa maabara akamtoa kwenye meza ya kazi. Alisema huenda amesahau hatua, umri umekwenda, apumzike kidogo. Miaka ishirini na sita hajakosea. Akawa anakaa kwenye kibao cha nje anakunywa chai na haiishi, mimi nampita na funguo zangu zinalia kiunoni. Nikakuandikia ile barua ya kijinga. Nilisema nitanyamaza, chupa mpya itakuja, mambo yatapita.

Halafu yako ikafika. "Sitaki kufa na nguo za watu nusu nusu."

Leo asubuhi kwenye mkutano, watu sita mezani, nilisimama. Mkuu akasema, "Stoo ina taarifa?" Nikasema, "Ndiyo. Chupa niliigandisha mimi." Akauliza, "Kwa bahati mbaya?" Nikasema, "Hapana, kwa bidii." Nikaeleza samaki wa mkwe. Nikaeleza nyota. Hakuna aliyecheka, na unajua mimi nikisimulia watu hucheka. Mkuu akauliza kwa nini chupa ile moja tu, wakati nyingine zote ziko friji ya kawaida kama alivyonifundisha aliyenitangulia. Nikasema, "Kwa sababu ile ni ya dada yangu." Nisamehe. Siri yako ilitoka hapo, mbele ya watu sita.

Bibi Darubini alivua miwani yote miwili. Akasema, "Miaka hii yote nimekuwa nikitafuta mtu wa stoo anayejali chupa. Nimempata, na huyo ndiye ameniharibia."

Funguo zimechukuliwa. Nimepewa majuma mawili ya kujifunza alama za maboksi kama mtoto wa chekechea. Bibi amerudishwa mezani kwake. Hospitali nyingine imekubali kutukopesha chupa, inafika wiki hii, na mimi siruhusiwi kuisogelea hata kwa pua.

Neno la mwisho, maana umetaka kweli yote. Kipande chako kwenye nta kimebaki chembamba. Bibi anasema kinatosha kukatwa mara moja tu. Wakikosa tena, itabidi uchomwe sindano upya na mwezi mwingine upotee.

Nimemaliza. Tukana.

Kaka yako, asiye na cheo

*

28 Machi

Kaka,

Pembeni mwa karatasi yako hapakutosha. Nimekutukana kwa mdomo, kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani na kurudi. Jirani aliuliza nagombana na nani. Nikasema na Waziri.

Siku kadhaa ulinilaza kaburini kwa sababu ya umeme na mashine. Hilo ndilo lililoniuma, siyo chupa. Chupa naielewa. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi niliwahi kuipiga pasi ya moto kabisa hariri ya mke wa mwalimu mkuu, kwa sababu nilitaka ipendeze kuliko zote. Ilinata kwenye pasi. Kwa hiyo tumetoka tumbo moja.

Lakini nilipomaliza kutukana nilikaa. Nikasema, huyu kaka yangu, ambaye akikwambia mvua inanyesha unatoa mkono dirishani kwanza, amesimama mbele ya watu sita akasema kweli. Mimi nashindwa mbele ya mmoja?

Nikazima cherehani. Nikamwambia Mama yote, uvimbe, sindano, nta, panya, wewe. Alikuwa anachomeka uzi. Aliendelea mpaka ukaingia. Ndipo akasema:

"Ndiyo maana vifungo haviishi."

Kaka, tuna vifungo vya kufunga mji mzima. Kila safari ya daktari nilirudi na pakiti, ili uongo uwe na mzigo. Mama akavuta droo, ikagoma kwa kujaa. Akacheka mpaka akalia, au alianza kulia nikadhani anacheka. Kisha akanivuta, akasema, "Mwanangu, safari ijayo tutakwenda wawili, na hatununui kitu."

Usiku ule nililala. Sikulisikia harage.

Gauni la harusi nimelirudisha. Ulisema kweli, hajui kupiga pasi.

Kipande kikitosha, kitoshe. Wakikosa nitachomwa tena. Mwambie Bibi Darubini asitetemeke kwa ajili yangu.

Sindano

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Wamefanya jana. Nilikaa kwenye kile kibao cha nje tangu saa mbili asubuhi, sina funguo, mikono haijui iende wapi. Nilipeleka chai mara tatu, mara zote nikaambiwa niiache mlangoni.

Saa tisa na robo Bibi akatoka. Nikasimama. Akasema, "Shahidi ameshika rangi. Kahawia safi."

Nikauliza, "Na kioo cha dada yangu?"

Akasema, "Kioo cha dada yako kimesomeka vizuri."

"Kimesomeka nini?"

"Kimesomeka jibu."

"Mama yangu, jibu gani?"

Akanishika bega, na kumbuka hafiki begani kwangu mpaka anyanyuke kwa vidole. "Jibu si langu kutoa wala si lako kupokea. Linakwenda kwa daktari wake, na daktari atampa mwenye mwili. Ulishamtolea siri moja. Hii muachie."

Nimewajua maafisa wa forodha wa bandari kumi na moja, hakuna niliyeshindwa kumlainisha. Huyu mama nimeshindwa. Nilimtazama usoni nione kama ana huzuni, akavaa miwani ya pili.

Kwa hiyo kipande kimetosha na askari wameamka. Zaidi ya hapo mimi sasa ni mtu wa kungoja kama wewe. Ni kazi ngumu hii. Ulikuwa unaifanya peke yako.

Kaka yako

*

7 Aprili

Kaka Dunia,

Kaa chini. Umekaa? IPO.

Protini ipo, tele. Daktari alitugeuzia kioo cha kompyuta mimi na Mama. Nilitegemea kuona kitu cha kutisha. Kaka, niliona pindo. Kila seli, moja moja, imepigwa pindo la kahawia pande zote, nyuzi zimekazwa, hakuna palipoachia. Ningekuwa na mwanafunzi anayeshona pindo vile ningemwachia duka.

Nikauliza, je, kuwa nayo ni vibaya? Daktari akasema zamani watu wenye uvimbe kama wangu waliogopwa, kwa sababu uvimbe huo unakua mbio. Lakini siku hizi kuna dawa inayofuata hao hao watu wa mlangoni na kuwaziba midomo, na dawa hiyo haimfai mtu ambaye hana protini. Mimi ninayo. Tena uvimbe bado ni harage, haujahama. Akasema maneno haya, nimeyaandika kiganjani nisiyasahau: "Tunatibu tukitegemea kupona."

Mama akamuuliza, "Na hiyo dawa nayo inatoka kwa panya?" Daktari akasema ukoo wake ulianzia kwa panya, ndiyo. Mama akatikisa kichwa. Njiani akaniambia, "Miaka yote nimewawekea sumu, kumbe ni watu wa maana."

Naanza Jumanne. Nitachoka, nywele zitaondoka, amesema wazi. Sijali. Nimechukua mashati mengine sitini.

Sasa jambo lako. Kama ile chupa isingekuwa na shahidi pembeni, kioo changu cheupe kingesomwa "haipo", nami ningepewa dawa isiyo yangu. Nimelifikiria hilo sana. Lakini shahidi alikuwepo, na wewe ulisimama. Basi limeisha. Usilirudie kwenye barua, wala kichwani.

Mama ana kitu anakushonea. Amekataa nikione.

Mdogo wako,
Sindano mwenye pindo

*

30 Aprili

Mdogo wangu Sindano,

Barua yako ya jibu niliisomea palepale kwenye kibao cha nje, kwa sauti, mbele ya watu wote, maana safari hii nilijua hutanikasirikia. Bibi Darubini alikuwa anapita. Nikamwambia, "Ipo!" Akasema, "Najua," kisha akaingia ndani haraka. Miwani yote miwili ilikuwa imepata ukungu, na hapa tulipo hapana mvuke.

Funguo nimerudishiwa. Mtihani wa alama nimepata zote ishirini. Juu ya mlango wa jokofu kuu nimechora chembe ya theluji kubwa kama sinia, kwa mkono wangu, nimeikata kwa mstari mwekundu, na chini yake nimeandika: ULIZA KWANZA, HATA KAMA UNAPENDA. Mkuu alitaka kuibandua. Akaisoma, akaiacha.

Kibarua chako kifupi cha juzi nacho nimekipata, nafurahi dawa ya kwanza imepita salama. Kichefuchefu kitaisha. Kuhusu nywele, kumbuka mimi nimeishi bila nywele miaka kumi na naitwa mtanashati katika lugha nne.

Kifurushi cha Mama kimefika. Koti la kazini, zito, la kuingilia stoo ya baridi. Nimelivaa. Lina vifungo thelathini na saba. Vingine havifungi kitu, vimeshonwa tu mikononi na mgongoni, vya kila rangi na kila ukubwa. Nikitembea nalia kama mkufu.

Leo Bibi Darubini alinisimamisha koridoni akaanza kuvihesabu, akachoka. Akauliza, "Fundi gani huyu, mbona vingi hivi?"

Nikamwambia, "Dada yangu alikuwa anakwenda kwa daktari peke yake."

Akavitazama. Kimoja cha kifuani, upande wa kushoto, kilikuwa kimefunguka. Akanyanyuka kwa vidole, akakifunga.

Wako,
Dunia, Mtunza Stoo, na kaka wa Sindano